Kostimi ya Papa

Baada ya kumzika Mama nilikonda mpaka sketi zikawa zinazunguka zenyewe kiunoni. Nilichukua moja, ya sufu nzito ya kuvalia wakati wa baridi, nikaipeleka kwa fundi aipunguze. Alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi. Alibana kwa pini, akashona, kisha akanyunyiza maji na kuipitishia pasi ya mkaa. Mvuke ulipopanda, ile harufu ya sufu iliyolowa ikichanganyika na ya makaa, nilijikuta nimeshika ukuta. Fundi aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni jua tu.

Haikuwa jua. Ilikuwa kostimi ya Papa. Ninyi mliokulia kambini Dzaleka wakati mmoja na mimi mtanielewa nikisema kwamba kuna nguo ambazo watu walizibeba kutoka Kongo wakaacha sufuria, wakaacha godoro, wakaacha hata picha za ndoa.

Kostimi ndivyo tulivyoita suti, na Papa ndivyo tulivyomwita baba. Ya Papa ilikuwa ya kijivu kinachoelekea bluu. Aliinunua kwa ajili ya ndoa yake na Mama, na baadaye akawa anaivaa kila Jumapili mbele ya kwaya, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiiongoza. Papa alikuwa mrefu, na mabega yake yalijaza mlango. Alipoinua mikono kuanzisha wimbo, mikono ya koti ilipanda kidogo, na mimi niliyekaa benchi la watoto niliona vifundo vyake vya mikono, vyeusi na vinene, nikajisikia fahari kama vile mimi ndiye niliyemzaa yeye.

Siku tuliyokimbia Uvira alitusindikiza mpaka tukapata chombo cha kuvukia ziwa. Halafu akasema anarudi milimani Fizi kumchukua mama yake, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa kutembea. Alimpa Mama kostimi, imefungwa ndani ya shuka.

"Tangulia na hii," alisema. "Ku njia bataninyanganya. Mi na mama tutabafuata."

Mama akaipokea, na mdogo wangu Amani akiwa mgongoni. Tulisafiri Tanzania yote na kuingia Malawi tukiwa na lile koti kama blanketi. Nililala nimeingiza uso kwenye bitana, pale kwapani, palipobaki jasho lake na sabuni ya mawese. Watu njiani walimshauri Mama aiuze, tupate unga. Mama alitikisa kichwa tu, akaikunja upya.

Dzaleka tulipewa mahali pa kujenga, tukajenga. Kila lori la wageni wapya lilipofika, Mama aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama pembeni huku anafuta mikono kwenye kitenge. "Kuna mutu wa Fizi hapa? Kuna mutu wa Mboko?" Mimi nilimfuata, nikitazama miguu ya wanaume wanaoshuka, nikitafuta viatu vya Papa.

Halafu siku moja akapatikana mtu wa Fizi. Alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Mama alizungumza naye kwenye bomba la maji huku mimi nikicheza na Amani kwenye tope. Sikusikia lolote. Nilichoona ni kwamba Mama aliondoka pale na ndoo tupu kichwani, akatembea nayo mpaka nyumbani, akaitua taratibu kama iliyojaa. Nikafikiri bomba limekauka. Alichukua ufagio akafagia uwanja, akafagia na uwanja wa jirani, na jirani alipotoka kumshukuru hakuitika.

Tangu siku hiyo Mama hakuenda tena kuulizia kwenye malori. Mimi nililiwazia jambo hilo sana, na akili yangu ya kitoto ikapata jibu: mtu haachi kutafuta mpaka apate. Kwa hiyo Mama alikuwa ameshapata habari. Papa alikuwa njiani. Sikumwuliza, kwa sababu nilitaka atuambie mwenyewe siku atakayoona inafaa, kama zawadi.

Mvua zikaja zikabomoa ukuta wetu wa nyuma, zikapita. Aliyeujenga tena ukuta ule alikuwa shemasi wa kanisa letu, jina lake Yosia. Alifyatua matofali kwa ajili ya watu wengi pale kambini. Mke wake alifia njiani, hakuwa na mtoto. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, anayeongea kama anayeomba radhi, na suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu hata Jumapili. Alikuja mara nyingi. Alirekebisha bati, akachimba mfereji, akanywa maji, akaenda. Mama alianza kumfulia mashati, nami sikuona ajabu, kwa maana alitujengea bure.

Msimu wa baridi ulipokuwa umeingia, ule wa upepo unaopitia chini ya mlango, Mama akaitoa kostimi akaianika juani.

"Mama, unaifanyia nini?"

"Natafuta fundi. Inatakiwa kupunguzwa."

Nikaona ametoa kamba nyembamba kwenye upindo wa kitenge. Ilikuwa na mafundo.

"Na hiyo kamba?"

"Hii njo kipimo."

"Cha nani?"

Mama alitazama pembeni. "Cha mwenye nguo," akasema.

Mwenye nguo! Nilikimbia nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu, nimeziba mdomo.

Kwanza alikwenda kwa Mnyarwanda mmoja aliyeshona sare za shule pale sokoni kambini. Yule bwana aliitandaza kostimi mezani, akashika mkasi mkononi kabla hajamaliza kuitazama, akaonyesha: nitakata hapa, na hapa, na hapa. Mama akalivuta koti kutoka chini ya mkasi.

"Utaikata sawa vile muhogo?" akamwambia. Tukatoka. Nilimwona Mama anatetemeka midomo, nikamshangaa, kwa sababu fundi hakuwa amemtukana.

Siku nyingine tukaenda Lilongwe, Amani tukamwacha kwa jirani. Mtaa wa Area 36 kulikuwa na fundi aliyeshonea wanawake wa kanisa. Huyo alikuwa mkweli. Alipapasa bitana, akafungua vifungo, akafunga, akairudisha. "Mi ni wa vitenge na sare, mama. Koti kama hili nitaliharibu. Nendeni mtaa wa Chilinde, kwa Bambo Nkhoma."

Huyo Bwana Nkhoma alikaa kwenye baraza ya duka la chumvi na mafuta, nyuma ya cherehani nyeusi. Aliwahi kufanya kazi Mbeya, Kiswahili alikijua, ila kila mama kwake alikuwa amayi. Hakushika mkasi. Alinawa mikono kwanza. Kisha akalipindua koti nje ndani na kulitazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye mishono.

"Aliyeshona hii alikuwa fundi," akasema. "Amayi, vipimo viko wapi?"

Mama akampa kamba. Bambo Nkhoma akailaza kwenye mabega ya koti, akainua macho. Akailaza kifuani, akainua macho tena.

"Mwenyewe amekonda hivi?"

"Vita," Mama akajibu.

Fundi akaguna kwa huruma. Akaendelea kupima, mpaka akafika kwenye mikono ya koti. Hapo akasimama.

"Kukonda naelewa, amayi. Mtu anakonda kifua, anakonda tumbo. Lakini mikono haipungui urefu. Hapa pamepungua sana. Huenda umefunga fundo vibaya?"

"Fundo liko sawa," Mama akasema. "Punguza tu. Zikomo, asante."

Hakumtazama fundi alipokuwa akisema hivyo, wala hakunitazama mimi. Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu kando ya mguu wa cherehani, na maneno yale yaliniingia moja moja. Mikono haipungui urefu. Ya Papa ilikuwa imepungua.

Msifikiri nilikuwa mtoto wa ajabu. Pale kambini wote tulishaona watu waliokatwa. Kulikuwa na kaka mmoja wa kwaya aliyeshika kitabu cha nyimbo kwa kiwiko. Basi nikajua. Nikajua kwa nini Mama alirudi na ndoo tupu, kwa nini alifagia uwanja wa watu, kwa nini hakutaka kutuambia. Papa alikuwa hai, anakuja, ila hakuwa na mikono.

Safari ya kurudi sikusema neno. Mama aliniuliza kama njaa inaniuma, nikasema hapana. Nilikuwa nafikiri ataongozaje kwaya. Niliamua ataongoza kwa kichwa. Kisha nikafikiri kula, nikaona hiyo rahisi, nitamlisha mimi. Nsima, ugali wa Malawi, ni laini, haina shida. Ugumu ulikuwa vifungo. Papa alipenda shati lifungwe mpaka juu.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza. Kila asubuhi nilimsimamisha Amani mbele yangu na kumfunga vifungo vya shati, naye akilia kwamba namkaba. Nilijifunza kufunga bila kugusa koo. Nilijifunza kufunga kwa haraka, ili mtu asione aibu anapongojea. Mama alitupita akasema, "Sifa, siku hizi unamutunza muzuri ndugu yako," nikainamisha uso, nikawaza, yeye ana siri yake nami nina yangu.

Tulirudi Chilinde kuichukua. Bambo Nkhoma alikuwa ameitundika ukutani, imepigwa pasi, bado ina mvuke. Alikuwa fundi mzuri kweli. Hakuna mahali mshono ulipovuta, hakuna bega lililoinama. Ungesema haijawahi kuwa ya mtu mkubwa. Mama alisimama mbele yake akaweka kiganja kifuani mwa koti, akakiacha pale. Fundi alidhani kuna kosa.

"Haijakaa vizuri, amayi?"

"Imekaa," Mama akasema. "Imekaa sana."

Wakati wanaongea niliingiza mkono wangu ndani ya mkono wa koti, nikatafuta mahali unapoishia, nikajaribu kukumbuka mkono wa Papa ulikuwa unafika wapi. Sikuweza kukumbuka.

Siku zile zilizofuata nyumba yetu ilijaa wanawake wa kanisa. Walichambua mchele, walipaka kuta chokaa. Nilimsikia mmoja anamwambia mwenzake penye mafiga, "Mama Sifa anapokea bwana yake juma hii. Mungu ni muzuri." Na yule mwingine akajibu, "Na batoto bapate papa." Nini tena nilihitaji kuambiwa? Nilimnong'oneza Amani kwamba Papa anakuja. Hakumkumbuka, lakini alifurahi kwa kuwa mimi nilifurahi.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama alinikalisha katikati ya magoti yake kunisuka. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Sifa," akasema, "leo utaona kitu ku kanisa. Usiogope. Na usipige kelele."

"Najua, Mama."

Akaacha kusuka. "Unajua nini?"

"Najua mikono. Sitapiga kelele. Nitamufunga vifungo mi mwenyewe."

"Mikono gani? Sifa, mikono ya nani?"

Lakini wanawake walikuwa wameshafika mlangoni wakipiga vigelegele, wakamwinua Mama, wakamfunika kwa kitambaa cheupe, wakaondoka naye. Aligeuka mara moja kunitazama. Mpaka leo naiona ile sura yake, sura ya mtu aliyeanza kuelewa jambo akiwa anaburutwa.

Kanisa lilikuwa la udongo, limejaa mpaka watu wamesimama madirishani. Sisi watoto tulikaa nyuma. Kwaya iliimba, na kupitia katikati ya vichwa vya watu nikaiona kostimi. Alikuwa amesimama mbele, ametupa mgongo, kijivu kinachoelekea bluu, kando ya Mama. Alikuwa amekonda sana. Alikuwa mfupi. Nilijiambia ni vita. Kisha nikashuka na macho mpaka mwisho wa mikono ya koti, nimejikaza, nikaona vidole.

Vyote. Mikono miwili mizima imening'inia pale, na vidole vyake vinatapatapa kwa woga.

Sijui kama nimewahi tena kufurahi hivyo maishani. Nilizaa watoto, nikafurahi, lakini si vile. Nilipita chini ya mabenchi na juu ya miguu ya watu, nikapiga kelele niliyokatazwa, "Papa! Papa, mikono yako iko!" Nikamkumbatia kwa nyuma, uso wangu ndani ya koti. Akageuka. Alikuwa shemasi Yosia.

Kwaya ilinyamaza vipande vipande, sauti nene ikiwa ya mwisho. Nilirudi nyuma hatua chache nikamwambia, "Vua. Hii njo ya Papa."

Pasta alinyoosha mkono kunivuta. Yosia alimzuia. Alikuwa amebadilika rangi. Alitazama koti alilovaa kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani yake, kisha akamgeukia Mama.

"Mama Sifa. Ulisema uliitoa ku kaunjika ya Lilongwe, kwa minguo ya mitumba."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa chini ya kile kitambaa cheupe. "Ni ya baba yabo," akasema.

"Na batoto banajua kama alikufa?"

Hakujibu. Kanisa lote lilisikia kwamba hakujibu. Na mimi nilisikia neno lile, alikufa, limesemwa na mtu mpole, kwa sauti ya chini, na halikuwa limekusudiwa mimi.

Yosia alivua koti. Alilikunja kwa uangalifu, bitana ndani, akapiga magoti, akaniwekea mikononi. Kisha akasimama na shati lake akamwambia pasta, "Pasta, ndoa ingoje. Hawa bantu habajalia mutu wabo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Watu waliokuja harusini walitembea polepole mpaka kwetu, na badala ya kukaa kwenye viti vilivyopangwa walikaa chini. Wali ulioivia sherehe ukaliwa kimya, kama unavyoliwa msibani. Wanawake walimvua Mama kitambaa cheupe, wakamfunga kitenge, wakamkalisha kwenye mkeka. Nilidhani sasa atalia, lakini alikaa tu na macho makavu, mikono mapajani.

Nilikwenda kukaa mbele yake. "Balimukata mikono?" nikamwuliza.

Akanitazama. Hapo ndipo alipoelewa asubuhi yetu, na vifungo vya Amani, na kimya changu cha kutoka Chilinde.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Yule mama aliniambia. Balimukuta mu shamba ya nyanya yako, analima. Risasi. Majirani balimuzika pale pale, na mikono yake yote."

Alipotamka "mikono yake yote" kitu kikamkatika kifuani. Alitoa sauti ambayo sikujua mama yangu anayo. Alikuwa ameishika tangu ile siku ya bomba, peke yake, akitupikia, akituogesha, akitudanganya kwa kunyamaza, na sasa ilitoka yote. Wanawake walimshika wasiweze kumshika. Nililia kwa sababu yake kabla sijaanza kulia kwa sababu ya Papa.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini alifanya vile, kwa nini kostimi ile. Alikuwa anachambua maharage. "Yosia hakukuwa na nguo," akasema kwanza. Akachambua tena, kisha akaongeza, "Na nilitaka isimame na mi mbele ya Mungu mara ingine moja. Nilijua si yeye. Lakini nilitaka."

Kilio chetu kilikaa siku zake zote. Yosia hakuingia ndani hata mara moja. Alikaa nje na wanaume, katika shati lake la udongo, akipasua kuni na kuchota maji, kama mtu yeyote aliyekuja kumzika rafiki. Watu walipotawanyika naye akaenda kwake. Baadaye sana, alasiri moja ya kawaida, pasta aliwaombea yeye na Mama, watu wachache tu wakiwepo, kila mtu na nguo zake za kila siku. Mimi sikwenda.

Kesho yake nilikuwa ndani nikimega nsima ya Amani. Mama alikuwa kwenye kona, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Nilisikia miguu inakuja uwanjani, ikasimama. Kwa uwazi wa mlango nikaona gunia la nguo, na mikono iliyolishika, imepasuka kwa udongo.

"Hodi," Yosia akasema.

Mama hakuitika. Nikamtazama, naye akanitazama, sahani mkononi, akangoja. Nikaelewa kwamba nyumba hii ilikuwa imengoja mtu mmoja tu apige hodi, miezi na miezi, na kwamba nikiitika sasa sitaweza tena kumngoja.

"Hodi hapa," akarudia, taratibu zaidi. Hakusogea.

Amani alitaka kukimbilia mlangoni, nikamshika shati. Nje, yule mtu bado alikuwa amesimama juani na gunia lake.

"Karibu," nikasema.